Mimba Zilizosimama Kwenye Nane

Pretoria, Jumapili, mwezi wa tano, mchana

Kwako Numbi, mama Kapinga,

Wewe ndiye wa kwanza kusalimiwa, kabla ya mtu mwingine yeyote katika nyumba hiyo. Mgongo wako unaendeleaje? Ile homa ya Ilunga imekwisha kabisa, au bado inarudi jioni? Kapinga amekubaliwa kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi? Mama mkwe bado anakohoa asubuhi? Nijibu moja moja, usiniandikie tu "wote wazima" kama mara iliyopita. Mimi mwili ni mzima. Kinachonisumbua si mwili. Tangu asubuhi nimekaa kuandika barua hii mara tatu na nimesimama mara tatu. Nimefua soksi ambazo zilikuwa safi.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mama anayefanya biashara ya vitenge. Umeniuliza jambo moja tu: karatasi ya kuwaleta wewe na watoto huku imetoka? Ukaongeza kwamba kaka yako Banza alisema mbele ya wageni, "Dada, ule ni bwana ya mu barua. Mwanamuke hawezi kulala na bahasha." Ukamaliza kwa kusema kwamba mvua zikiisha bila jibu la kweli, hutangoja tena.

Numbi, mvua zimekwisha. Jibu la kweli ni hili: karatasi haikutoka, haitatoka mwaka huu, na aliyeizuia ni mimi mwenyewe. Tafadhali usiikunje barua. Soma mpaka mwisho ujue nilichofanya, halafu uamue.

Kuhusu kazi yangu nilikuambia tu kwamba nahudumia ng'ombe, nawe ukaandika kwa kunicheka kwamba mtu wa laboratwari ya madini, mwenye diploma ya bio-chimie, amegeuka mchungaji. Sikukueleza zaidi kwa sababu niliogopa utadhani nimeingia uchawi. Leo nitakueleza, maana bila hiyo huwezi kuelewa kosa langu.

Kila Jumatano asubuhi naenda machinjioni na chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake kuna maji ya chumvi yenye joto la mwili. Wachinjaji hunipa vifuko vya mayai vya ng'ombe jike waliochinjwa siku hiyo, navitia katika chupa, naikumbatia ndani ya koti na kurudi haraka, kwa sababu vikipoa vimeharibika. Yai la ng'ombe ni dogo kuliko chembe ya chumvi. Siku ya pili, chini ya mikroskopi, Daktari (ni mwanamke, mpole, hapendi kelele) analishika yai kwa mrija wa kioo na kuliondolea kiini chake kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Yai linabaki kama nyumba iliyohamwa. Kisha anaingiza humo seli moja ya ngozi ya sikio la palahala, yule swala mkubwa mweusi ambaye pembe zake zimepinda kuelekea mgongoni. Marehemu baba yako alikuwa akisimulia jinsi walivyokuwa wakipita kwa makundi upande wa Lubudi. Sasa wanapungua, na mayai ya jike wao hayapatikani, lakini ya ng'ombe yamejaa kila machinjio. Wazo la Daktari ni kwamba yai la ng'ombe lilee mwili wa palahala, na tumbo la ng'ombe limzae.

Pembeni, ili tulinganishe, tunatengeneza mimba changa nyingine ambazo ni za ng'ombe tupu: seli ya ngozi ya ng'ombe katika yai la ng'ombe. Zote zinakaa katika visahani vidogo vya plastiki ndani ya kabati la joto, nami ndiye mwenye kuzitazama, kuzihesabu na kuandika.

Zile za palahala huanza vizuri sana. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Halafu zinasimama. Siku ya nne nane, siku ya tano nane, siku ya sita kingo zimeanza kuwa nyeusi. Nilipomwuliza Daktari sababu, alinieleza bila haraka. Mpaka hapo mimba changa inakula akiba ambayo mama ng'ombe aliiacha ndani ya yai. Akiba ikiisha, kiini kinapaswa kuanza kutoa amri chenyewe. Amri ni za palahala, nyumba ni ya ng'ombe, na hata majiko madogo yanayochoma chakula ndani ya yai ni ya ng'ombe. Wanasikilizana vibaya, kazi inasimama. Wanyama walio ndugu wa karibu huenda mbele zaidi. Wa mbali hukwama mapema.

Siku aliponieleza hayo nilikumbuka mwaka ule tulipofukuzwa, walipotuita bilulu, wadudu, sisi Wakasai tuliozaliwa hapo hapo Kolwezi. Unamkumbuka yule jirani wa Musonoi aliyekusimamisha njiani, wewe mwenyeji uliyeolewa na Mkasai, tumbo lako likiwa kubwa, akakuuliza huku wenzake wakicheka, "Mama, mutoto ya kilulu na muntu itatoka na miguu ngapi?" Jioni ile ya maelezo ya Daktari niliandika katika daftari langu la siku: "Leo nimeona kwa macho yangu jinsi vitu viwili vya aina mbalimbali vinavyokataana. Vinafika nane, basi. Kapinga ana miaka kumi na miwili. Ilunga anakimbia." Sikuongeza kitu. Nilitaka tu iandikwe mahali, kwa tarehe yake.

Sasa kosa.

Kanuni ya maabara ni kuandika jina ubavuni mwa kisahani chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu kifuniko hutembea. Nilifundishwa siku ya kwanza, nikaitika kwa kichwa. Lakini mkono wangu una mazoea yake. Pale stesheni ya Kolwezi, tulipolala nje wiki kwa wiki tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, kila familia ilipika juu ya mawe matatu, na jina lililoandikwa chini ya sufuria liliungua siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wanawake wote waliandika kwenye vifuniko kwa rangi ya kucha. Chetu uliandika wewe. Ulikuwa ukitembea kutoka Musonoi kila siku na bukari yangu, ugali na samaki, na kifuniko kilikuwa na M nyekundu ya jina langu. Na bado kuna siku M yetu ilikwenda kwa yule fundi wa kuchomelea vyuma, akala samaki wako wote, sisi tukabaki na mboga yake, lengalenga bila chumvi! Ulipomlalamikia alisema, "Mama, mi nilisoma kifuniko, sikusoma samaki." Ulicheka mpaka ukakaa chini, katikati ya mahali pale ambapo watu walikuwa wakifa.

Nilipaswa kujifunza siku ile. Badala yake nilijifunza kwamba chini ni pa moto na jina hukaa juu. Miezi yote hii nimekuwa nikiandika P na N juu ya vifuniko, P ya palahala, N ya ng'ombe, na hakuna aliyegundua, kwa sababu huwa nafungua kisahani kimoja, nakifunga, ndipo nafungua cha pili. Mimi ni mtu wa taratibu, unanijua.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mwenzangu Mwape alikuwa mgonjwa. Mwape ni Mzambia wa Kitwe, mtu mzima, amewahi kufanya biashara mpakani Kasumbalesa, kwa hiyo anazungumza Kiswahili chetu. Kazi ilikuwa yangu peke yangu, nikafungua visahani viwili pamoja ili niende haraka. Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Nilifunika kwa kupapasa, nikavirudisha kabatini kabla havijapoa, nikamshukuru Mungu kwamba sijamwaga kitu.

Alhamisi tukafungua kabati. Katika kisahani chenye P, mimba tatu zilikuwa zimepita nane, zimepita kumi na sita, zimekuwa vibofu vyenye maji ndani, kama inavyotakiwa siku ya saba. Katika chenye N zote zilikuwa zimesimama.

Daktari alitazama muda mrefu. Kisha yeye, asiyependa kelele, akapiga meza kwa kiganja. Akamwita Mwape. Mwape akainama kwenye mikroskopi, akaninong'oneza, akiniita baba wa Kapinga kwa lugha yao, "Eh, Bashi Kapinga, ng'ombe wa watu ameshika mimba ya porini! Sasa mahari itadaiwa zizini ao mu pori?" Nilicheka. Nakiri nilicheka na kufurahi kuliko wote. Daktari alieleza kwamba zile za ng'ombe labda zilitengenezwa kwa seli mbaya, hutokea. Akampigia simu mkubwa wake hapo hapo. Alipoweka simu akanigeukia: kwa matokeo haya, akasema, ataniombea mkataba wa miaka miwili, na barua ya familia yangu ataitia sahihi yeye mwenyewe. Ijumaa mimba mbili ziliwekwa katika tumbo la ng'ombe mmoja mwekundu. Ya tatu iligandishwa katika baridi kali, ihifadhiwe.

Jioni ya Ijumaa nilifungua daftari langu niandike habari njema. Kabla ya kuandika huwa napenda kusoma kurasa za wiki nzima. Ukurasa wa Jumatatu ulisema hivi, kwa mwandiko wangu: "Taa zimezimika saa nne. Visahani viwili wazi mezani. Nimefunika kwa mkono gizani."

Numbi, nilifunga daftari. Nikalifungua tena. Maneno yalikuwa yale yale.

Nilinyamaza siku nne. Usinifanye mtakatifu. Nilijiambia labda mkono ulichukua kifuniko sahihi. Nilijiambia huyu ni ng'ombe, si mtu, nani ataumia? Nilitembea kila jioni mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mpaka mlinzi wa duka akaanza kunitilia shaka. Jumapili nilimweleza Mwape nje ya kanisa.

Akasema, "Nani alikuuliza?"

"Hakuna."

"Basi? Ng'ombe haisemake. Daktari anafurahi, mukubwa wake anafurahi, bibi yako atapanda basi mwezi wa sita. Weye peke ndiye unatafuta mwiba mu samaki ya kusagwa."

"Na kama mimba ikishika, ng'ombe akazaa ndama?"

Akafikiri. "Tutaangalia pembe," akasema. Kisha akaanza kucheka, na mimi pia, tukacheka vibaya pale nje ya kanisa mpaka akafuta macho. Halafu akaniambia kwa sauti nyingine, "Bashi Kapinga, mi ningenyamaza. Nakuambia kweli. Lakini mi nalala vizuri, weye haulalake."

Ni kweli, sikuwa nalala. Kila nilipofumba macho nilikuona wewe unashuka kwenye basi na watoto, na nyuma ya dereva amekaa ng'ombe mwekundu. Nilijua kwamba nikiwaleta kwa karatasi ile, kila mwezi nitangoja mtu aje kugonga mlango na kusema mambo si hivyo, fungeni mizigo. Nimeshafunga mizigo kwa namna hiyo mara moja. Sikutaka wewe na watoto mfundishwe kuifunga hivyo.

Jumanne nilibisha mlango wa Daktari na kumweleza. Alikwenda akakitoa kisahani chenye P kwenye ndoo ya takataka za wiki, akakigeuza, akatazama chini, ubavuni, kote. Hakukuwa na kitu. Akauliza, "Una hakika ulibadilisha?"

Nikasema, "Sina hakika. Ndiyo sababu nimekuja."

Ile ya tatu iliyogandishwa ikapelekwa kupimwa mahali pengine. Wiki zile sikukuandikia, na sasa unajua kwa nini. Jibu lilikuja baada ya Pasaka: ng'ombe ndani, ng'ombe nje. Za palahala ndizo zilizosimama kwenye nane, kama siku zote. Daktari ilimbidi ampigie tena simu mkubwa wake, na safari hii alifunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Umeniokoa na aibu kubwa kwa kunitia aibu ndogo. Asante. Sijui kama nitaweza kukuambia asante kila siku."

Hakunifukuza. Nataka ulijue hilo, maana neno kufukuza nalijua vizuri na silitumii ovyo. Lakini wenye kugharamia kazi wamesema iishe. Tumepewa miezi mitatu ya kufunga maabara, na ofisi ya wageni haipokei maombi ya familia kwa mtu mwenye mkataba wa miezi mitatu. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama kwenye foleni tangu alfajiri, karani akaitazama karatasi yangu akanirudishia bila kuigusa vizuri. Ng'ombe mwekundu yupo malishoni. Mimba moja imeshika. Mwape anasema ndama akizaliwa aitwe Palahala, ili angalau tuwe hatukusema uongo kabisa.

Ndivyo nilivyoizuia karatasi yako. Ningeweza kunyamaza, na leo ungekuwa unauza vyombo na kuaga majirani. Unaweza kunikasirikia, una haki. Miaka saba umelala peke yako kwa ajili ya karatasi hiyo, na mimi nimeitoa kwa ajili ya vifuniko viwili. Nimejaribu kujitetea katika kichwa changu kwa njia nyingi na kila mara nakusikia ukinikatiza, "Mukendi, fupisha."

Nafupisha. Mkataba unaisha mwezi wa saba. Sitatafuta mwingine. Mwape anarudi kwao Kitwe, nami nitapanda basi pamoja naye. Kutoka kwake mpaka mpaka wa Kasumbalesa ni safari ya siku moja. Mama wa vitenge ameniambia kwamba Wakasai wachache wamerudi Kolwezi. Wengine wana meza sokoni, wengine wanakaa kimya nyuma ya nyumba za wake zao, na bado kuna midomo inayowatupia lile neno. Ameniambia pia kwamba mashimo ya kampuni ya madini yamejaa maji, mishahara imekufa, na walimu wanalipwa na wazazi. Hata mimi naogopa. Nimeandika katika daftari orodha ya mambo ninayoyaogopa na ilijaza ukurasa mzima, lakini hakuna hata moja lililokuwa baya kuliko kurasa za miaka hii saba, ambazo karibu zote zinasema: "Kazi. Baridi. Hakuna barua."

Kwa hiyo Kolwezi sitaiomba ruhusa. Ninakuomba wewe. Banza hakukosea, nimekuwa bwana wa bahasha. Sasa nataka kutoka ndani yake, ila kama umeshafunga moyo sitakuja kukuaibisha mbele ya ndugu zako. Mama wa vitenge atapita Kitwe katikati ya mwezi wa saba. Mpe neno moja tu, njoo au baki, hata kwa mdomo. Nitalingoja nyumbani kwa Mwape. Ukisema baki, nitapitiliza mpaka Mwene-Ditu, Kasai, kwa watu wangu, nitawaandikia watoto kutoka huko, na wewe utakuwa huru bila maneno mabaya kutoka kwangu. Ukisema njoo, nitakuja na sanduku moja na mikono hii.

Nisalimie mama mkwe, umwambie sijasahau ni nani aliyenipa blanketi lake asubuhi ya treni. Msalimie Banza. Mwambie shemeji yake amesikia maneno yake na hayajamkasirisha. Ninakumbuka nani alibeba godoro langu mpaka stesheni huku vijana wa mtaa wake wakimzomea. Mke wa mchungaji anayekusomea barua macho yako yakichoka, naye msalimie, na umwombe ukurasa huu ausome polepole. Kapinga mwambie ajibu kwanza maswali anayoyajua, halafu arudi kwa magumu. Na asiogope kuandika "sijui" mahali ambapo hajui.

Ilunga hajawahi kuniona. Ukisema njoo, usimfundishe kuniita tata kabla sijafika. Mwache asimame mlangoni aniulize mwenyewe, "Weye nani?" Nimelifikiria swali hilo njia nzima ya miaka saba, na ningependa niwe mimi wa kumjibu.

Ni mimi mume wako, hata kama ni mpaka mwezi wa saba tu,

Mukendi, tata ya Kapinga na Ilunga